Mama Haonji

Asubuhi waliyokuja wakwe nilikuwa nyuma ya jiko nasuuza mirija. Mirija ya matete inataka uvumilivu. Unamimina maji, unapuliza, na mdudu akitokea upande wa pili unamshukuru Mungu kwamba ametokea kwako na si mdomoni mwa mgeni. Chungu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kilikuwa kivulini, kimefunikwa jani la mgomba, kinavuma kidogo kidogo. Baba alikanyaga ndizi tu. Kazi nyingine yote ya pombe ile, kuivisha ndizi shimoni, kukaanga mtama wa kuchachusha, kuchuja, aliifanya mama.

Jikoni kulikuwa na sufuria tatu. Moja ya ndizi, moja ya nyama ya mbuzi, na ya tatu ndogo kabisa, imejikunyata pembeni ya mafiga. Hiyo ilikuwa ya mama. Ndani yake mchicha, majani ya maboga na nyanya chungu, vimeungwa kwa karanga za kutwanga. Na juu ya kinu aliweka parachichi lake moja.

Shangazi Secilia, dada yake baba, aliingia bila hodi akafunua ile ndogo.

"Wifi, hii nini?"

"Chakula changu."

"Na leo?"

"Kwani leo sili?"

"Leo wanakuja watu wa ng'ombe kutoka Nyakahura, wanamtaka mtoto wako, na wewe utakaa mbele yao utafune majani? Watasema Celestini hana hata kopo la unga. Wakimbizi wenyewe walivuka daraja hawana kitu, sasa hivi wanakula ugali mpaka wanauza mwingine."

"Wakimbizi walipewa unga, wifi. Mimi nilipewa sukari."

Shangazi hakucheka. Alimpenda mama kwa namna yake, lakini alipenda zaidi watu waseme kwamba kwa kaka yake kunajulikana namna ya kupokea wageni.

Sukari ilimwanza mama kiangazi cha mwaka uliotangulia. Alikuwa anakunywa maji usiku kucha, na asubuhi sisimizi wanapanga mstari mpaka pale alipokojoa. Kidole cha mguu kilichokatwa na jembe kikagoma kupona. Halafu akaanguka katikati ya maharage, akazinduka kwenye hema la hospitali ya kambini, pembeni yake nesi mmoja mkimbizi wa Rwanda, jina lake Nyirabahizi, Msabato, ameshika kikaratasi kilichogeuka rangi.

Nesi hakumficha. Sukari isiposhuka, kidonda kitapanda na mguu utakatwa. Vidonge vinakuja siku vinayotaka vyenyewe. Visipokuja, dawa ni sahani. Acha ugali, acha ndizi, muhogo, viazi, na pombe yote. Halafu akamwambia aache na nyama na maziwa, maana ndivyo alivyomtunza mama yake mzazi mpaka vita ilipowatenganisha. Ale majani, uyoga, karanga, parachichi, kabichi, maharage kijiko tu.

Mama alichukua vyote kwa pamoja. "Nikianza kuchagua," alimwambia baba, "nitachagua mpaka nijikute kwenye chungu." Na kidole kilifunga. Kidonda kilichokaa miezi kikakauka, kikaacha alama nyeusi. Tangu hapo hukuweza kumwambia kitu. Kijijini wakasema mke wa Celestini kawa Msabato. Wengine wakasema kawa mbuzi, na watoto wakawa wanamlilia mee akipita kisimani. Mama alikuwa anawajibu mee na yeye, kwa sauti kubwa kuliko yao.

"Sawa," alisema shangazi akifunika sufuria. "Majani utakula ukitaka. Lakini mrija utavuta. Mmoja."

"Celestini ataonja."

"Celestini ndiye kapika?"

Kwetu aliyeandaa pombe ndiye anayeonja kwanza. Anapiga magoti, anaweka mrija, anavuta wageni wakimwona, anameza, ndipo anawapa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mtu anajua kwamba dunia ina watu wabaya na kwamba sumu haina harufu.

*

Walishuka kwenye lori la mahindi ya msaada, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee Bizimana, mrefu, ana kofia na fimbo. Mkewe Mukeshimana, kitenge kipya, macho yasiyotulia. Na kijana wao Niyibizi, ndani ya koti lililokuwa la mtu mwenye mabega. Dada yangu Leonsia alimchungulia kwenye tundu la dirisha akaficha uso kwenye shuka kwa furaha.

"Karibuni, karibuni wakwe zetu," baba alisema.

"Tumekaribia. Njia yenu hii, Celestini! Figo zangu nimefika nazo mkononi."

Niliwasalimia. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu naye mnatoa?"

"Huyo Anjelika. Bado anasoma."

"Asome, asome. Na sisi bado tunachunga."

Walicheka wote, na baba akafurahi, akaona mambo yanakwenda. Kikaletwa chungu. Mama alipiga magoti, akafunua jani, akapanga mirija kuzunguka mdomo wa chungu vizuri kabisa. Kisha akanyanyua kichwa.

"Wakwe zangu, mimi nina ugonjwa wa sukari. Pombe nimekatazwa. Mume wangu ataonja."

Baba alishavuta kabla hajamaliza kusema. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani, akajifuta, akatabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye.

"Mkwe," Bizimana alisema polepole, "wewe ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Na kuchachusha?"

"Mama Leonsia."

"Haya."

Mukeshimana alikuwa anamtazama mama toka utosini mpaka kwenye kile kidole. "Sukari nasikia ni ugonjwa wa mawaziri," alisema. "Kumbe na huku Ngara mnao."

Mama alibabaika. Ilikuwa mara moja tu siku ile, lakini ilitosha. Alitaka kuokoa jambo, akaona mlangoni nimesimama mimi, damu yake, akafikiri nikionja mimi ni sawa na yeye.

"Anjelika, njoo uonje."

Nilikwenda. Sikuwahi kubishana na mtu mbele ya wageni. Nilikuwa nimeshika mrija, sijauweka hata mdomoni, Mukeshimana akasimama.

"Unampa mtoto?"

Shangazi alikimbilia sahani. Alipakua ndizi, akapakua nyama nyingi kuliko tulivyopanga, anaongea bila kupumua, jamani mmechoka, jamani kuleni, mbuzi huyu tulimnunua kwa mtu wa Murukulazo anayejua kufuga. Akamsukumia mama sahani. Mama aliisogeza mbele ya baba, akavuta bakuli lake la majani, akakaa nalo. Yeye aliona ni adabu, kukaa na wageni na kula pamoja, kila mtu na chake.

Mukeshimana hakuiangalia nyama. Aliliangalia bakuli.

"Ndizi huli?"

"Sili, mkwe."

"Na nyama?"

"Hata nyama."

Akamgeukia mumewe, akasema kwa Kinyarwanda, kama vile hajui kwamba sisi Wahangaza tunaisikia lugha hiyo bila kutafsiriwa, "Ametupikia vitu vitatu, hagusi hata kimoja. Chake amepika peke yake kwenye sufuria yake."

Mdogo wake Mukeshimana alikunywa pombe kwenye harusi moja kule Biharamulo, akalala, asubuhi wakamkuta na povu. Yeye ndiye aliyemfuta. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita na bado kila akifika ugenini anaangalia kwanza midomo ya wenye nyumba.

Bizimana alichukua fimbo yake. Alikuwa na njaa, ilionekana, na harufu ya mbuzi ilimuuma. "Tutaleta jibu," alisema. Niyibizi alitoka wa mwisho, akageuka kuangalia dirishani, akajikwaa.

*

Chungu kikabaki kimejaa. Pombe ya posa isiyonywewa ni maiti ndani ya nyumba. Baba alitoka kuita majirani. Alianza na Fideli, mtu ambaye akisikia harufu ya lubisi kilima cha pili anafika na mrija wake mfukoni.

"Fideli, njoo tunywe."

"Ah, mzee, leo tumbo linanisumbua."

"Tumbo lako limeanza lini kusumbua?"

"Leo leo, mzee."

Akaenda nyumba ya pili. Huko walikuwa wanafunga. Nyumba ya tatu walimwambia baba mwenye nyumba kasafiri, na viatu vyake viko mlangoni. Jua halijashuka na habari imeshafika kila mahali.

Basi baba akabeba chungu peke yake mpaka ukingoni mwa barabara, akakaa juu ya jiwe, akachomeka mrija. Akanywa. Watu wa kambini walikuwa wanapita na kuni vichwani, wanakijiji wanatoka sokoni, na baba anawasalimia wote. "Mimi Celestini nakunywa! Nitazameni vizuri! Kesho mje mnihesabu!" Watu wakacheka, hakuna aliyesimama. Alikunywa mpaka sauti ikakatika, akalala pembeni ya chungu. Mama na Leonsia walimfuata na blanketi.

Kulipokucha alikuwa hai, kichwa kinamgonga, na hakuna aliyekuja kumhesabu.

"Mrija mmoja, mama Leonsia," alisema akiwa bado amelala chini. "Nimekuomba nini miaka yote hii? Mrija mmoja."

"Ulininyima nini miaka yote hii, baba Leonsia? Usianze kuninyima mguu."

Jibu la Nyakahura lililetwa na mchuuzi wa ng'ombe. Mzee Bizimana anasema hana ugomvi. Waje kwake. Mama Leonsia anywe pombe yao na kula chakula chao mbele ya watu wazima wa pale, yaishe, mambo ya vijana yaendelee. Baba alimjibu yule mchuuzi palepale kwamba watakuja na mke wake atakunywa. Mama alikuwa shambani, hakuulizwa.

Leonsia ndiye alimfuata huko, akajifanya anasaidia kuchuma mchicha.

"Mama, nakuomba."

"Niombe."

"Unywe. Mara moja tu."

Mama aliendelea kuchuma. "Na siku ya mahari?"

"Siku ya mahari tutaona."

"Na harusi? Na ukizaa, kumtoa mtoto nje? Na ubatizo? Leonsia, kila mahali kuna chungu, na kila chungu ni mara moja tu."

"Wenzangu wote wameolewa. Katika wote tuliomaliza shule pamoja nimebaki mimi na yule kilema. Unataka nibaki hapa nichume majani na wewe mpaka tuote mizizi?"

Mama alinyoosha mgongo. Alikuwa amekonda sana, kitenge kinamzunguka mara mbili. "Mwaka jana ulinifulia nguo nilipokuwa sijiwezi," alisema. "Ulikuwa unaziba pua. Nilikuona. Sikukulaumu, zilinuka. Lakini mimi sirudi pale, mwanangu. Hata nikirudi kwa ajili yako, nitarudi taratibu sana."

Leonsia aliangusha mchicha, akaondoka analia. Mama akauokota wote, jani kwa jani, maana ndio ulikuwa chakula chake cha mchana.

*

Kabla ya safari mama alikwenda kambini, akanichukua nimsindikize. Nesi Nyirabahizi alikuwa anafua bandeji kwenye beseni. Walisalimiana kwa amahoro, salamu ya amani ya Kinyarwanda, wakashikana mikono muda mrefu kama watu wa nyumba moja.

Mama alimweleza yote. Akamaliza na swali lenyewe. "Nikivuta mrija mmoja, nakufa?"

Nesi alikamua bandeji. Angeweza kumwambia ndiyo. Ingekuwa rahisi kwa wote wawili.

"Hapana," alisema. "Mrija mmoja haukuui. Hata sahani moja ya ugali haikuui. Utalala vibaya, utakunywa maji, kesho unarudi kwenye majani yako."

"Kwa hiyo naweza."

"Unaweza. Hata nyama na maziwa, madaktari wengine hapa wangekuruhusu. Mimi nilikufundisha ninachokijua."

Nadhani mama alikuwa amekuja kukatazwa. Tulipofika karibu na nyumbani alisema, si kwangu, "Sasa wameniachia mwenyewe."

*

Nyakahura walikuwa wametungoja. Uani kwa Bizimana kulipangwa viti na vigoda, wazee wa pale na wake zao wamekaa, na katikati ni nafasi tupu yenye mkeka mmoja. Mkeka wa mama. Mbele ya mkeka chungu, na pembeni sahani ya ugali na nyama, imefunikwa sahani nyingine. Mtu angefikiri ni baraza la kesi ya wizi wa ng'ombe.

Baba alivaa shati lake la kanisani. Leonsia alikaa nyuma na shangazi, kichwa chini, maana binti anayeposwa hatazami wakwe wala hali chakula mbele yao. Niyibizi alikuwa upande wa pili, nyuma ya mama yake. Mama alikuwa na kikapu chake. Alikiweka kando ya mkeka, akakaa.

Bizimana alisema maneno mazuri. Alisema sisi ni watu wa mpakani, tumeona mengi, na hofu ni jambo la kawaida, hakuna wa kulaumiwa. Kisha mwenyewe akainama, akavuta mrija, akameza, akampa mama mrija wake.

"Mkwe, karibu. Tuanze upya."

Mama aliupokea. Leonsia aliinua kichwa. Baba alifumba macho kama anasali, na kweli alikuwa anasali. Mama aliinamisha mrija kwenye chungu, akausogeza mdomoni, ukagusa.

Halafu akautoa.

"Mama Niyibizi," alisema, "nikinywa hii, usiku ukilala utasema nini?"

Mukeshimana alishtuka. "Nitasema yameisha."

"Hapana. Utasema, kumbe anakunywa. Kumbe anaweza. Basi siku ile kwake mbona hakunywa? Pombe ya kwake ilikuwa na nini?"

Mukeshimana alifungua mdomo, akaufunga, na watu wote wakaona kwamba hilo neno alikuwa nalo tayari. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Eh, hapo napo pana neno."

Bizimana hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu, na alimtaka mkwe. Alipiga makofi, akamwita binti, kikaletwa chombo cha mti kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, kimejaa maziwa.

"Pombe tuache," alisema. "Maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Ya asubuhi hii. Mimi simpi kila mtu."

Kwa watu wale hakuna kubwa kuliko hilo. Ukikataa pombe umekataa mtu, lakini ukikataa maziwa umekataa ng'ombe, na ng'ombe ndiye ukoo. Shangazi Secilia alimfinya Leonsia mkono mpaka alama ikabaki. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Mama Leonsia."

"Mkwe wangu, umeniheshimu," mama alisema. "Umeniheshimu kuliko nilivyoheshimiwa na watu wa kijiji changu. Lakini sinywi. Nayo yana sukari yake. Nilikunywa kikombe kimoja kabla sijaamini, karatasi ya nesi ikageuka rangi, nikaona kwa macho yangu. Mnaniambia kidogo tu. Miaka yote nimeonja kidogo tu kwa ajili ya wageni, na kwa ajili ya majirani, na kwa ajili ya padre. Ndiko nilikoanguka. Mguu ukikatwa, nani hapa atanibeba? Mzee, wewe? Wifi Secilia, wewe?"

"Wifi, nyamaza," shangazi alinong'ona.

"Sinyamazi. Nimesafiri njia yote hii kuja kusema."

Akavuta kikapu chake, akatoa ile sufuria ndogo, akaifunua. Majani yalikuwa yamepoa, karanga zimeganda juu. Wanawake wawili wakacheka. Mmoja akasema mbuzi kaja na malisho yake. Mama hakugeuka.

"Hiki ndicho ninachokula. Nimekipika mimi. Na kwetu aliyepika anaonja kwanza." Alichota kwa vidole, akatafuna, akameza, akafungua mdomo wote waone. "Haya. Nimeonja. Nani atakula na mimi?"

Akaiweka sufuria katikati ya ile nafasi tupu.

Hakuna aliyesogea. Bizimana aliangalia fimbo yake. Kisha Niyibizi akanyanyuka nusu, akanyoosha mkono. Mkono ulifika mpaka ukingoni mwa sufuria. Leonsia alimtazama waziwazi, mbele ya watu wote, uso wake umefunguka kama mtoto.

"Niyibizi!" mama yake aliita. Si kwa sauti kubwa.

Akaurudisha mkono. Akaukalia.

Sijui ni kitu gani kilipita ndani ya dada yangu. Alisimama, akavuka ule ua, viatu vyake vinapiga kelele, akakaa kwenye mkeka karibu na mama. Akachota. Binti anayeposwa, ukweni, mbele ya wazee! Alikula kwa mkono mzima, mafuta ya karanga yakamshukia mpaka kwenye kiwiko. Watu wakasema Yesu na Maria. Alikula mpaka akakwangua chini, analia na kutafuna pamoja, na alipomaliza alilamba vidole kimoja kimoja anamtazama Niyibizi.

"Haina chumvi ya kutosha," alimwambia mama.

"Nesi kasema chumvi nayo kidogo."

"Huyo nesi ataniua mimi."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na katika ule ua kicheko chake kilikuwa peke yake.

Mukeshimana aligeuka kwa baba. "Celestini, wewe ndiye mwanaume. Ulisema atakunywa. Sema sasa."

Baba alisimama. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, aliyapanga njia nzima kwenye lori. Aliangalia shati lake, akaangalia mke wake na mtoto wake wako chini na sufuria tupu.

"Mke wangu hanywi," alisema. "Nilisema uongo."

Akaokota kikapu, akakibeba yeye mwenyewe, kikapu cha mwanamke, mbele ya wafugaji wote wa Nyakahura. Tukaondoka. Nyuma yetu nilisikia wanafunua ile sahani ya ugali, na mzee aliyekohoa anauliza kama sasa wengine wanaruhusiwa.

*

Kijijini waliongeza na kupunguza. Wengine walisema mama alimwagia Bizimana maziwa usoni. Wengine wakasema tulifukuzwa na mbwa. Shangazi Secilia hakukanyaga kwetu mpaka Kwaresima, na alipokuja aliuliza kwa pembeni, kama si yeye, yale majani yanapikwaje, maana na yeye siku hizi anaamka usiku kunywa maji. Mama alimfundisha. Hakumkumbusha kitu.

Leonsia hakulia tena tukimwona. Alingoja wiki mbili, tatu. Siku moja alioga, akavaa, akaniambia twende barabarani. Basi linalotoka Kabanga kwenda Biharamulo lilisimama kuchukua abiria, na konda wake, Sindayigaya, alikuwa anawafahamu watu wote wa njia hiyo.

"Unamjua Niyibizi wa Nyakahura? Wa mzee Bizimana?"

"Anayeuza maziwa pale gulioni? Namjua."

"Mwambie hivi. Mama yangu hatakunywa siku ya mahari. Hatakunywa siku ya harusi. Hatakunywa hata kwenye ubatizo wa mtoto wangu. Kama anaweza kuoa kwenye nyumba hiyo, aje. Aje mwenyewe, peke yake, na akija atakula tulichopika. Kama hawezi, asitume mtu kuniambia pole."

Sindayigaya alikuna kichwa. "Dada, hayo maneno mengi."

"Yarudie."

Akayarudia. Aliporuka ubatizo Leonsia alimrudisha mwanzo, na dereva anapiga honi, na abiria wanalalamika, na mama mmoja mwenye kuku anasema muacheni binti amalize. Alipoyasema yote sawasawa ndipo Leonsia akaachia mlango.

Kesho yake tulikuwa palepale. Sindayigaya alishuka kabla basi halijasimama vizuri.

"Nimemkuta. Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, na ubatizo. Alikuwa anapima maziwa. Akaniomba nirudie, nikarudia."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alisimama tu na kile kikombe, mpaka tukaondoka."

Leonsia aliitikia kwa kichwa, akamshukuru. Jioni nilimuuliza kama tutume tena, labda nimwandikie mimi vizuri kwenye karatasi.

"Alisikia," alisema.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Sasa maharage yameshavunwa, na basi la Kabanga linapita kila siku. Likifika kwetu linapunguza mwendo, Sindayigaya anatoa kichwa dirishani na kutikisa mkono wa hapana, na Leonsia anampungia, anaendelea na jembe lake.